Tundu la 305 kwa 235

Jumatatu, 2 Machi

Nimepoteza bamba la meza ya ruta. Limeondoka leo, kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, nilipokuwa nimekwenda kupima madirisha ya watu. Ni la alumini, unene milimita 9, urefu 305, upana 235. Skrubu tatu zilizokuwa zikishika ruta, ile mashine ya kuchonga mifuo kwenye mbao, zimefunguliwa kwa bisibisi ya saizi yake, hakuna hata moja iliyokwaruzwa kichwa, na zimepangwa mstari mmoja juu ya meza kama vijiko. Ruta yenyewe imelazwa sakafuni juu ya gunia safi isiingie vumbi.

Mwizi hafanyi hivyo.

Binti yangu naye hayupo. Kaondoka na aproni yake, miwani yake ya kazi na patasi zake nne.

Jumanne, 3 Machi

Niandike jambo lilivyokuwa, nisije baadaye nikasingiziwa.

Jumamosi fundi mpaka rangi alikuja kuandika upya kibao cha nje. Binti yangu akasema, mbele ya yule mpaka rangi, "Baba, safari hii aandike na mimi nimo." Nikamwambia karakana hii ina fundi mmoja. Nilianza na msumeno wa kuazima na randa isiyo na mpini, hakuna aliyenishika mkono. Yeye ana miaka 27, sita tu ndiyo ya kazi ya kweli. Akachukua msasa akarudi kwenye kazi yake. Mpaka rangi naye akajifanya anakoroga kopo.

Mafundi wenzangu humwita Milimita, maana hana "karibu karibu" katika kupima. Jina zuri. Lakini jina la utani haliandikwi kwenye kibao.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Nimekunywa chai peke yangu. Nilichemsha vikombe viwili kwa mazoea.

Alhamisi, 5 Machi

Hasara ni hii. Nina kazi ya milango 24 ya kabati za maktaba ya shule, inatakiwa tarehe 24 Aprili. Kila mlango una fremu ya vipande vinne, na kila kipande kinataka mfuo wa upana wa milimita 6 na kina cha 9 ili ule ubao wa katikati uingie. Vipande 96. Mifuo ya namna hiyo huipigi kwa ruta ya mkononi ukabaki na akili zako. Ruta inaning'inizwa chini ya meza, kisu kinachungulia juu, nawe unapitisha ubao wako taratibu. Kinachoibeba ruta ni bamba. Bamba halipo. Meza yangu imebaki tundu.

Mshonaji wa mlango wa pili alikuja kuchungulia. "Baba Milimita, mwenzio kaenda wapi?"

"Kaenda na bamba langu."

"Sijakuuliza bamba."

Nikaendelea kupiga randa.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kwa yule muuza vifaa tunayemwita Nusu Bei. Bamba zuri la kuagiza, lenye pete zake za kuzunguka kisu na skrubu zake, bei yake ni milango mitano ya kabati. Milango mitano nifanye kazi ya bure kwa ajili ya kipande cha chuma chenye tundu. Nikamwambia arudishe kwenye sanduku.

Analo la chuma chembamba, bei ya mlango mmoja na nusu. Kwa mvua hizi litaota kutu kabla sijafika nyumbani, na kutu inachafua mbao nyeupe. Analo la alumini isiyotobolewa matundu ya skrubu, milimita 8, bei ya milango miwili. Analo la plastiki nyeusi, milimita 6, bei ya mlango mmoja kasoro.

"Hili la plastiki ni gumu, fundi. Hata gari linapita juu."

"Gari gani?"

"Gari lolote lisilo na haraka."

Nikachukua la plastiki.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimelifunga bamba la plastiki. Ruta ina kilo nne na nusu.

Ijumaa, 13 Machi

Milango mitatu imeharibika. Niliweka rula ya chuma juu ya bamba, nikaona mwanga unapita chini yake katikati. Limebonyea milimita moja na nusu. Bamba likishuka kisu nacho kinashuka, kwa hiyo mfuo wa kina cha 9 ukawa saba na nusu, ubao wa katikati haukuingia hadi mwisho, na nilipobana fremu kwa nguvu ikapasuka kwenye kona. Mara tatu. Mara ya kwanza nililaumu mbao, ya pili nililaumu gundi.

Milimita angeweka rula kabla ya kuanza. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu nimemkumbuka.

Jumamosi, 14 Machi

Nusu Bei hapokei kitu kilichorudi.

"Uliniambia gari linapita."

"Nilisema lisilo na haraka, fundi. Wewe una haraka."

Nimenunua la alumini, milimita 8. Ukijumlisha na la plastiki na milango mitatu, bamba la bei nafuu limeshanigharimu milango sita kasoro. Lile la milango mitano bado lipo pale kwenye rafu, linaniangalia.

Jumanne, 17 Machi

Mshonaji kaniambia, bila kuulizwa, kwamba binti yangu yuko kwenye kile kiwanda cha samani upande wa pili wa mji. "Anapanga chumba karibu na hapo. Kina dirisha moja. Anasema linavuja."

"Alipime alizibe."

"Ukimwambia wewe atasikia vizuri zaidi."

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimefanya kosa ambalo kwa miaka sita nimelisimulia kama kichekesho.

Bamba jipya halina matundu ya skrubu, unatoboa mwenyewe kufuata ruta yako. Ruta yangu ina skrubu tatu, na hazikupangwa kwa nafasi sawa. Nikaliweka bamba mezani, uso juu, nikaweka kitako cha ruta juu yake, nikapiga alama kwa penseli, nikatoboa, nikapanua midomo ya matundu ili vichwa vya skrubu vizame. Kazi safi kabisa. Nikaligeuza, nikaweka ruta chini yake inapokaa. Hakuna tundu hata moja lililokutana na mwenzake. Ruta hukaa upande wa chini. Mimi nilipiga alama upande wa juu, kwa hiyo kila kitu kimekuwa kinyume, kama unapojiangalia kwenye kioo.

Binti yangu alifanya kosa hilihili siku alipotengeneza lile bamba la 9. Alikuwa na miaka 21. Lile bamba, niseme wazi, alilikata yeye kutoka kwenye alumini ya bango kuukuu niliyonunua kwa uzito. Alilipiga tupa siku nne. Nilipoona matundu yako kinyume nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo kila mteja akiingia na kuliona bamba nilimsimulia, naye binti akiwa pale pale anapiga msasa.

Lakini hadithi yangu iliishia hapo kwenye kicheko kila siku. Sehemu ya pili sikuwahi kuisimulia. Alilipindua bamba juu chini, matundu yakakutana na skrubu zote tatu. Akapanua midomo upande wa pili. Basi. Hakuharibu hata kipande.

La kwangu halipinduliki. Kidato cha kukalia pete za katikati, ule ukingo uliochimbwa kuzunguka tundu la kisu, kiko upande mmoja tu.

Nimetoboa matundu mengine matatu. Bamba sasa lina sita, matatu ya kazi na matatu ya kunisuta.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 23 Machi

Bamba jipya ni 300 kwa 229. Tundu la meza ni 305 kwa 235. Nimebandika vibanzi vya mbao pande zote, vya milimita mbili na nusu kwenye urefu na vya tatu kwenye upana. Sasa linaingia barabara. Tatizo ni unene. Kidato linapokaa bamba kilichimbwa kwa ajili ya la milimita 9, hili ni la 8, kwa hiyo liko chini ya uso wa meza kwa milimita moja. Ubao unapopita unagonga ukingo. Nimekata vipande vya katoni nikaviweka kwenye kona nne. Liko sawa. Nimeliwekea rula pande zote, hata mshazari.

Kwenye kona za kidato kuna skrubu nne ndogo zinachungulia. Nadhani zinashika mbao mbili za plaiwudi zilizounda meza. Sikuzigusa.

Jumatano, 25 Machi

Vipande 14 leo. Vyote vizuri. Nilitaka kumwonyesha mtu.

Jumanne, 31 Machi

Mvua siku sita mfululizo. Mlango wa karakana haufungi, umevimba. Vipande 41 hadi sasa.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimepiga simu. Kwenye karatasi niliandika mambo matatu ya kusema, kwa mpangilio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bamba langu liko wapi?"

Nyuma yake kulikuwa na mashine nyingi zinazolia kwa pamoja.

"Lako?"

"Alumini nilinunua mimi."

"Kwa uzito," akasema. "Basi nitakurudishia uzito wake. Kilo moja na robo tatu."

"Usinichezee hesabu. Hesabu nimekufundisha mimi."

"Ndiyo baba. Ulinifundisha." Nikasikia akisogea mbali na mashine. "Umepiga kuuliza bamba tu?"

Kwenye karatasi yangu jambo la pili lilikuwa dirisha linalovuja. La tatu sikuliandika vizuri, nilichora mstari tu.

"Bamba tu," nikasema.

"Bamba halijambo," akasema. "Limo chini ya kitanda, nimelifunga kitambaa. Kazi njema, baba."

Simu yote, dakika moja na sekunde hamsini.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Mshonaji kaleta mwavuli alioushona upya. Hakusema neno juu ya binti. Nilingoja aseme.

Jumatano, 8 Aprili

Meza imekwenda kombo. Kona ya dirishani imepanda, ya mlangoni imeshuka. Katoni zimekunywa unyevu zikavimba, na plaiwudi nayo imevimba kwa namna yake. Vipande 11 vina mifuo iliyopinda kama nyayo za kuku. Nikakata katoni mpya, mchana zikawa sawa, jioni zikavimba tena.

Meza hii nimeitumia misimu sita ya mvua. Haikuwahi kufanya hivi. Nimeshawaambia watu wangapi, "Meza yangu haijui mvua wala jua."

Ijumaa, 10 Aprili

Nimelala chini ya meza.

Mimi silali chini. Tangu mgongo uniharibikie, kitu kikianguka chini namwita binti. Leo sikuwa na wa kumwita. Nilitandika gunia, nikashuka kwa mafungu, magoti kwanza, kiwiko, halafu ubavu, nikajivuta na taa mkononi nione kinachopindisha meza.

Zile skrubu nne ndogo hazishiki plaiwudi. Zimepitishwa kutoka chini, zinatokeza kwenye kidato na kulisukuma bamba juu. Kila kona ina yake. Ukizungusha kulia kona inapanda, kushoto inashuka. Yaani milimita yangu moja ningeipata kwa bisibisi, bila katoni, tangu tarehe 23 Machi.

Na upande wa chini wa meza, wote, umeandikwa kwa penseli.

Nimeusoma nimelala chali. Ni mwandiko wake, ule wa herufi ndogo. Tarehe, saa, na kona. "Saa 12:40. Kona ya dirishani, shusha robo mzunguko. Ya mlangoni, usiguse." "Saa 12:35. Mvua usiku kucha. Zote mbili za mbele, nusu mzunguko." Siku baada ya siku, msimu baada ya msimu. Mimi hufungua karakana saa moja na nusu. Ufunguo wa pili alikuwa nao yeye, na alikuwa akija kabla yangu. Nilidhani anakuja kufagia.

Nimehesabu mistari. 131.

Mahali pamoja, mwaka wa tatu, pembeni ya tarehe ameandika, "Leo baba kamwambia mteja meza hii haijawahi kumsumbua. Nimefurahi." Mwaka wa tano kaandika karibu maneno yaleyale: "Baba kasema tena meza haijawahi kumsumbua." Hapo hakuandika kama kafurahi.

Nilichelewa kutoka. Mgongo ulikataa. Mshonaji alisikia nikiguna, akaja akasimama mlangoni.

"Baba Milimita, umeanguka?"

"Nasoma."

"Unasoma nini huko chini?"

Nikamwambia apitishe mkono anivute. Alinivuta, akanipangusa vumbi la mbao mgongoni kama mtoto, akaona uso wangu, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeondoa katoni. Nimefika saa 12:40, nikashuka chini, nikazungusha robo mzunguko kona ya dirishani. Bamba likalala sawa. Imenichukua dakika 25, kushuka 6, kazi 4, kupanda 15.

Jumatatu, 13 Aprili

Saa 12:45. Kona ya mbele, robo. Sikuandika chini ya meza. Nimeandika humu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Vipande 70.

Jumanne, 21 Aprili

Vipande 96. Nabandika gundi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimepeleka milango 24. Mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye kona za fremu, akafungua na kufunga kila mlango kama anaita mahudhurio.

"Fundi, kazi nzuri. Ila ile milango ya ofisi yangu, ya mwaka juzi, hii haiifikii."

"Unaona tofauti gani?"

"Sijui. Ile ukifunga inanyamaza."

Milango ya ofisi yake niliichukulia oda mimi, nikaipeleka mimi, nikapokea sifa mimi. Aliyeitengeneza nilimwacha karakana anafagia.

Nikamwambia, "Ile ni ya binti yangu."

"Unaye binti fundi? Mbona hukusema?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kujitetea. Sikutoa hata moja. Akaniambia kuna kabati za madarasa, milango 60, anataka ifungwe kama ya ofisini kwake. Nimpe jibu kabla hajampa mtu mwingine.

Jumapili, 26 Aprili

Hakuna mvua. Kimya cha karakana siku ya Jumapili kina uzito wake, ningejua kukipima ningekipima.

Alhamisi, 30 Aprili

Manyunyu kidogo asubuhi. Nimekwenda hadi kile kiwanda. Nilisimama ng'ambo ya barabara saa ya chakula cha mchana. Alitoka na wenzake wanne, anacheka, kamvulia mmoja miwani anaipangusa vumbi kwa upindo wa aproni. Sikumwita. Ningesema nini mbele ya watu, bamba?

Nimeliona dirisha lake pia, kwa maelekezo ya mshonaji. Fremu imeinama kulia kama sentimita moja. Kazi ya nusu siku.

Jumatatu, 4 Mei

Jua. Nimeshusha kibao cha nje, nimekipiga randa hadi rangi yote ikatoka.

Jumatano, 6 Mei

Nimebandua vile vibanzi nilivyobandika kwenye tundu la meza. Gundi ilikuwa nzuri, nimetumia patasi saa nzima na nimekwangua hadi mbao za zamani. Bamba la matundu sita nimelitundika ukutani, wateja walione. Wakiuliza nitawaeleza kosa ni la nani.

Tundu limerudi kuwa 305 kwa 235. Hakuna bamba linaloingia humo ila lile moja.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeandika barua. Nakala yake hii hapa, yeye atapelekewa na mshonaji kesho asubuhi.

"Mwanangu,

Sijui kuandika barua, kwa hiyo nakuandikia vipimo.

Mistari 131 nimeisoma. Nimeisoma nimelala chali, kwa hiyo ujue si jambo dogo. Ile ya mwaka wa tano nimeisoma mara nyingi zaidi.

Kosa la matundu nimelifanya na mimi. Na mimi sikuweza kulipindua.

Bamba ni lako. Uzito usinirudishie.

Uliondoka bila kuniaga, ukaniacha na milango 24 na mvua. Hilo limeniuma na bado linaniuma, sitaki kukuficha. Lakini nimeweka rula juu ya mambo yote mawili, la kwako na la kwangu, na la kwangu ndilo lililobonyea zaidi.

Kibao cha nje kina urefu wa sentimita 180. Nimekiranda. Jina langu linachukua 70. Zimebaki 110, na mpaka rangi anasema herufi zako ni chache, zitaenea na nafasi ya kupumua. Kazi tutapanga bei wawili, na atakayeipeleka ndiye aliyeitengeneza.

Dirisha lako nitakuja kulirekebisha Jumapili, urudi usirudi. Hilo halimo kwenye mapatano.

Mwalimu mkuu anataka milango 60 inayonyamaza ikifungwa. Mimi siwezi kuitengeneza, wewe unaweza. Nimemwahidi jibu Jumamosi tarehe 9 saa kumi na moja jioni, na sitampa ahadi ya mikono isiyokuwepo. Kwa hiyo jibu lako nalitaka Jumamosi hiyohiyo saa kumi kamili. Usiniambie tutaona. Usimtume mshonaji. Nitakuwa karakana, mlango wazi, meza ina tundu.

Unarudi au hurudi?"